Majibu kwa Wasomaji: Dhoruba ya Radi Hutabiriwaje Kabla Haijafika?

Mwezi huu ukurasa huu tumeutoa kwa barua zinazohusu dhoruba za radi za majira ya joto. Nyingi zimetoka kwa wasomaji waliohamia majimbo ya katikati ya Marekani, ambako kati ya Mei na Agosti mchana mtulivu unaweza kugeuka, ndani ya saa moja, kuwa upepo wa kung'oa miti na mvua ya mawe ya kuvunja vioo vya magari. Moja imetoka Mwanza. Barua tumezifupisha bila kubadili maana, na majina ya walioziandika hatukuyachapisha.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama niliyetoka Uvira, na sasa naishi Cedar Rapids, Iowa. Tarehe 10 Agosti 2020 tuliamka asubuhi hali ikiwa shwari, watoto wakacheza nje, na mchana upepo ukaezua paa la jengo letu na kuangusha karibu kila mti wa mtaa. Jirani yangu alikuwa ameangalia utabiri jioni iliyotangulia na hakuona neno la kutisha. Kama wana setilaiti na kompyuta kubwa namna ile, kwa nini hawakuona jambo kubwa kiasi hicho siku moja kabla?

JIBU: Pole sana, mama. Swali lako ni la haki, na watabiri wenyewe wamejiuliza hivyo hivyo tangu siku ile.

Dhoruba iliyoupiga mji wenu muda mfupi baada ya saa sita mchana ni ya aina ambayo Wamarekani huiita derecho, yaani mstari mrefu wa mawingu ya radi unaosukuma mbele yake upepo mkali ulionyooka, na kuendelea kuusukuma kwa mamia ya kilomita. Ilianza asubuhi kusini-mashariki mwa South Dakota, ikavuka Iowa na Illinois, na ikaishia Ohio baada ya kusafiri kilomita 1,240 hivi kwa muda wa saa 14. Wachunguzi walipokagua majengo yaliyobomoka walikadiria kwamba katika sehemu fulani za Cedar Rapids upepo ulifika kilomita 225 kwa saa. Kilichozidisha madhara ni kwamba upepo huo, ambao katika dhoruba ya kawaida hupita kwa dakika chache, kwenu uliendelea kwa nusu saa na zaidi, na ndiyo sababu mji ulipoteza zaidi ya nusu ya kivuli cha miti yake. Hasara kwa majimbo yote ilikadiriwa kufikia dola bilioni 11, na hakuna dhoruba nyingine ya radi katika historia ya Marekani iliyokuwa imewahi kuleta gharama kubwa kama hiyo.

Siku moja kabla, dhoruba ya radi huwa haipo mahali popote. Mtabiri hutafuta viungo vyake: unyevunyevu karibu na ardhi, hewa ya joto iliyolaliwa na hewa ya baridi huko juu, kitu cha kuinyanyua hewa ya chini, na upepo unaobadilika kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda. Unyevunyevu wa Iowa katika majira ya joto hutoka Ghuba ya Mexico, lakini sehemu yake hutoka shambani, kwa sababu mahindi yaliyostawi ya Julai na Agosti hupumua mvuke mwingi sana kupitia majani yake. Mvuke huo ndio unaobeba nishati: unapopanda na kugeuka kuwa matone, hutoa joto, na joto hilo huifanya hewa izidi kupanda. Watabiri huipima nishati hiyo kwa juli kwa kila kilo ya hewa, na inapopita 2,500 hujua kwamba wingu likipata nafasi litapanda kwa nguvu kubwa.

Nafasi hiyo ndiyo yenye matatizo. Mara nyingi juu ya hewa yenye unyevunyevu hulala tabaka la hewa kavu na ya joto iliyotoka kwenye nyanda za juu za magharibi, nalo huizuia hewa ya chini isipande, kama mfuniko unavyouzuia mvuke wa sufuria. Mfuniko ukiwa mzito kupita kiasi, siku nzima hupita bila wingu. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, mawingu madogo huchipuka asubuhi na kumaliza nishati kidogo kidogo. Siku ya hatari ni ile ambayo mfuniko unashika hadi nishati ijae, kisha unapasuka mahali pamoja. Ili kujua uzito wa mfuniko, vituo vya hali ya hewa hurusha maputo yenye vipimo mara mbili kila siku, na kwa Iowa puto la asubuhi huruka saa moja hivi.

Sasa nije kwenye jioni ile ya jirani yako. Dhoruba kubwa za majira ya kuchipua huendeshwa na mifumo ya hewa yenye upana wa kilomita elfu na zaidi, ambayo kompyuta huiona siku kadhaa kabla. Mwezi wa Agosti mifumo hiyo huwa dhaifu, na kinachowasha moto mara nyingi ni kitu kidogo, kwa mfano mabaki ya mawingu ya radi ya usiku yaliyobakia katika jimbo la jirani. Tarehe 10 Agosti mambo yalikuwa hivyo. Modeli nyingi za kompyuta za siku iliyotangulia hazikuuonyesha mstari ule kwa nguvu ulizokuja kuwa nazo, na ramani za hatari ziliiweka Iowa katika ngazi za chini. Mvua ya mawingu ya asubuhi ilipoanza kunyesha ndani ya hewa kavu, ilivukiza na kuipoza hewa hiyo, nayo ikawa nzito, ikaporomoka chini na kutandaa mbele kama dimbwi la hewa baridi. Ukingo wa dimbwi hilo uliinyanyua hewa yenye joto na unyevunyevu iliyokuwa mbele yake, mawingu mapya yakazaliwa, mvua yake ikaongeza ubaridi, na dhoruba ikaanza kujiendesha yenyewe. Hatua hiyo ya kujiendesha hutegemea mambo madogo mno ambayo kompyuta ya jioni haiwezi kuyaona. Kabla ya adhuhuri, dhoruba ikiwa imeshaingia Iowa, kiwango cha hatari kilipandishwa hadi ngazi ya nne kati ya tano kwa maeneo yaliyokuwa mbele yake.

Kwa hiyo, mama, katika miezi ya Julai na Agosti utabiri wa jioni hautoshi. Usome tena unapoamka, na usome mara ya tatu kabla ya saa sita. Sisemi hivyo ili kuwatetea watabiri. Nasema kwa sababu modeli za siku hizi, zinazoigawa ramani katika miraba ya kilomita tatu, huendeshwa upya kila saa, na kile kisichoonekana saa tatu usiku mara nyingi huonekana saa tatu asubuhi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni Mkenya, dereva wa lori, makazi yangu ni Omaha na barabara yangu ni Interstate 80. Simu yangu huniletea neno watch, mara nyingine warning, na ramani zina rangi nyingi pamoja na asilimia. Juzi waliandika asilimia 15 ya upepo wa kuharibu. Asilimia 15 kwangu ni ndogo, nikaendelea na safari, na nikakutana na upepo uliotaka kulipindua lori. Naomba unifafanulie ni lipi la kuogopa.

JIBU: Ndugu yangu dereva, nashukuru umefika salama. Matangazo hayo yana ngazi tatu, na kila ngazi inakuomba jambo tofauti.

Ya kwanza ni ramani ya hatari inayotolewa na Storm Prediction Center, kituo cha taifa cha utabiri wa dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, ambacho hutazama hadi siku ya nane mbele. Kwa siku za karibu hatari hugawanywa ngazi tano: kijani iliyokolea, njano, rangi ya chungwa, nyekundu, na ile ya tano ya zambarau inayoelekea pinki, ambayo huonekana mara chache kwa mwaka. Kijani hafifu humaanisha radi za kawaida tu. Asilimia uliyoiona ni uwezekano wa upepo wa kuharibu kutokea ndani ya kilomita 40 kutoka mahali ulipo. Katika siku ya kawaida uwezekano huo hauzidi asilimia chache, kwa hiyo 15 ni mara nyingi ya kawaida, na kwa upepo ndiyo huandamana na rangi ya njano. Fikiria pia, na hili wengi hawalitazami, kwamba dereva hakai mahali pamoja. Ukiendesha kutoka Omaha hadi Davenport mchana wa siku kama hiyo, unaikata Iowa nzima kutoka magharibi hadi mashariki, na nafasi ya kukutana na dhoruba mahali fulani njiani ni kubwa kuliko ya mtu aliyekaa nyumbani kwake.

Ya pili ni watch, ambayo hapa nitaiita angalizo. Nayo hutoka Norman, hufunika eneo kubwa, pengine nusu ya jimbo, kwa saa sita au nane hivi, na maana yake ni kwamba viungo vimeshakutana na dhoruba zinatarajiwa au zimeanza. Hapo ndipo unapopanga utaegesha wapi, mafuta yakiwa yamejaa na simu imechajiwa.

Ya tatu ni warning, yaani onyo, na hili halitoki Norman. Hutolewa na ofisi ya hali ya hewa ya eneo husika, ambazo ziko 122 nchi nzima, na mtu anayelitoa amekaa mbele ya rada akiitazama dhoruba hiyo hiyo inayokujia. Tangu 2007 onyo huchorwa kwa umbo linaloifuata njia ya dhoruba badala ya kufunika kaunti nzima, na kwa kawaida hudumu chini ya saa moja. Dhoruba hupewa onyo ikiwa upepo wake unaweza kufika kilomita 93 kwa saa au mawe yake yanaweza kuwa na kipenyo cha sentimita 2.5. Kasi hiyo ya upepo inatosha kulitoa tela tupu kwenye njia yake.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila dereva alijue kwa moyo. Onyo la kawaida la dhoruba ya radi halilii kwenye simu yako kama lile la tonado, yaani kimbunga chembamba kinachozunguka kutoka wingu hadi ardhini, linavyolia. Tangu Agosti 2021 maonyo haya yana daraja tatu, na ni lile la juu tu, la upepo wa kilomita 129 kwa saa au mawe makubwa kama mpira wa besiboli, ndilo linalopelekwa kwenye simu zote za eneo kwa mlio wa dharura. Uharibifu wa Iowa wa 2020 ulikuwa miongoni mwa sababu za kuwekwa kwa daraja hilo. Kati ya kilomita 93 na 129 kwa saa kuna upepo mwingi sana wa kuliangusha lori, na simu yako inaweza kunyamaza kimya wakati huo wote usipokuwa na redio au programu ya kukuletea maonyo.

Maonyo hutaja kaunti na miji, kwa hiyo jizoeze kujua upo katika kaunti gani unapoendesha. Ukisikia onyo, toka barabarani kwenye njia ya kutokea iliyo karibu na uegeshe mahali pa wazi, mbali na miti na nguzo za umeme. Usisimame chini ya daraja. Wanaokimbilia hapo kuepuka mawe huziba barabara, na walio nyuma yao hugongana gizani ndani ya mvua.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Greeley, Colorado, wazazi wangu ni Warundi. Hapa mvua ya mawe hunyesha siku za joto kali, jambo ambalo silielewi, na runinga husema mapema kwamba mawe yatakuwa kama mpira wa gofu. Wanajuaje ukubwa wa jiwe lililo ndani ya wingu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Joto la chini ndilo linalolipa wingu nguvu ya kupanda, na baridi inayotengeneza barafu iko juu. Hata siku ambayo Greeley ina nyuzi 33, ukipanda kilomita chache angani unakuta hewa iliyo chini ya sifuri, na wingu kubwa la radi hupita hapo na kwenda hadi kilomita 12 au 15. Ndani yake, kati ya nyuzi 10 na 30 chini ya sifuri, kuna matone ambayo bado ni maji ingawa yamepoa kupita kiwango cha kuganda. Chembe ya barafu ikiingia humo, matone hayo huigusa na kuganda juu yake, nayo hukua mradi tu hewa inayopanda ina nguvu ya kuibeba. Ndiyo maana ukubwa wa jiwe hutuambia kasi ya hewa iliyolibeba. Jiwe la ukubwa wa mpira wa gofu linahitaji hewa inayopanda kwa kilomita 100 hivi kwa saa, na la ukubwa wa mpira wa besiboli kilomita 130. Jiwe kubwa kuliko yote yaliyopimwa rasmi Marekani liliangukia Vivian, South Dakota, tarehe 23 Julai 2010, likiwa na kipenyo cha sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 880.

Asubuhi, mtabiri hutumia vipimo vya puto kukadiria hewa itapanda kwa kasi gani, na huangalia kama upepo wa juu una nguvu ya kulisukuma wingu likainama. Wingu likiinama, mvua huanguka pembeni na haiizimi hewa inayopanda, kwa hiyo wingu huishi kwa saa kadhaa badala ya nusu saa, na barafu hupata muda wa kukua. Mawingu ya aina hiyo, yanayozunguka polepole kama mhimili mmoja mkubwa, ndiyo hutoa karibu mawe yote makubwa sana.

Dhoruba ikishazaliwa, kazi huhamia kwa rada. Rada za Marekani, ambazo ni karibu 160, hutuma mawimbi na kusikiliza mwangwi, na barafu kubwa iliyolowa hurudisha mwangwi mkali. Kati ya 2011 na 2013 ziliboreshwa ili zitume mawimbi yaliyolala na yaliyosimama kwa wakati mmoja. Tone kubwa la mvua linapoanguka hubonyea na kuwa pana kuliko lilivyo refu, kwa hiyo mwangwi wa mawimbi yaliyolala huwa mkubwa zaidi. Jiwe la barafu huanguka likipinduka-pinduka, na rada huliona kama tufe. Mwangwi ukiwa mkali sana huku pande mbili zikilingana, mtabiri anajua kwamba anatazama mawe, na kama mwangwi huo umesimama juu sana ndani ya tabaka la baridi, anajua kwamba ni makubwa. Hata hivyo, ukubwa unaotangazwa ni makadirio, na ofisi hulirekebisha onyo pindi mtu aliyepo chini anapopiga simu na kusema amepima nini.

Colorado ina sababu yake ya ziada. Greeley iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jiwe linaloanguka hapo hupita katika hewa ya joto kwa muda mfupi kuliko linaloanguka pwani, kwa hiyo halipati nafasi ya kuyeyuka. Kericho nchini Kenya, mahali panapojulikana sana kwa mvua ya mawe inayochana majani ya chai, ina kimo cha mita 2,000 hivi na inafaidika, ikiwa neno hilo linafaa hapa, na sababu hiyo hiyo.

SWALI: Wazee wa hapa wanasema mji uliopo mahali mito inapokutana, au nyuma ya kilima, dhoruba huukwepa. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Wingu la dhoruba lina kimo cha kilomita 12 na zaidi, na mto au kilima cha mita mia moja hakiligeuzi. Dhoruba ya 2020 ilivuka mto Mississippi bila kupunguza mwendo. Dhoruba kali kabisa hupiga eneo dogo, kwa hiyo mji wowote unaweza kupita miaka mingi bila kuguswa, na watu wakakitafutia kilima sifa ambayo hakina. Naomba usimwachie mtu yeyote aamue kubaki nje kwa sababu ya imani hiyo.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa dagaa, Mwanza. Nimesoma kwamba Marekani hutoa onyo la dhoruba kwa dakika. Ziwa letu lina radi kila wiki na linatuua. Kwa nini sisi tusipate hivyo?

JIBU: Ndugu yangu, ziwa lako ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na dhoruba zake ni tofauti na za Iowa. Huko mtabiri hutafuta upepo wa juu wenye nguvu. Karibu na ikweta upepo huo kwa kawaida ni dhaifu, na dhoruba huzaliwa kwa mpishano wa joto kati ya ziwa na nchi kavu. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujengeka juu ya milima ya mashariki. Usiku upepo hugeuka, hewa hutoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, ikalazimika kupanda, na dhoruba huzuka saa zile ambazo wewe uko majini na karabai zako. Upepo unaoipindua mitumbwi ni ile hewa iliyopozwa na mvua niliyoieleza kwa mama wa Cedar Rapids, inayoporomoka na kutandaa juu ya maji. Huweza kukufikia kabla hujapata tone moja la mvua.

Mpangilio huo wa mchana na usiku ni faida kwa mtabiri, na kazi imeanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada Mwanza, na kati ya 2017 na 2021 nchi zinazolizunguka ziwa zilishirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani na idara ya hali ya hewa ya Uingereza katika mradi wa kuboresha maonyo kwa wavuvi, ulioitwa HIGHWAY. Utabiri wa ziwa hutaja upepo, mawimbi na vipindi vya siku, ukitumia viwango vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa.

Upungufu mkubwa uko kwenye hatua ya mwisho, ile ya kutoa onyo dakika 30 hivi kabla dhoruba haijafika. Onyo la namna hiyo lina maana pale tu ambapo mtabiri yuko mbele ya rada usiku kucha, rada haijazimika, na ujumbe unaufikia mtumbwi ulioko mbali na minara ya simu. Bara nako kunahitaji hivyo. Mwezi wa Machi 2015 mvua kubwa iliyochanganyika na mawe iliua zaidi ya watu 40 katika kijiji cha Mwakata, Kahama, wengi wao wakiwa wamelala ndani ya nyumba za udongo. Naamini kwamba vifaa vipya vikinunuliwa bila kulipia watu wa zamu ya usiku, hali haitabadilika sana. Kwa sasa, soma utabiri wa jioni kabla ya kutoka mwaloni, na ukiuona umeme upande wowote usiku, usingoje kusikia ngurumo, kwa sababu upepo unaotangulia dhoruba huja kasi kuliko mtumbwi wako unavyoweza kurudi.

SWALI: Tunaishi Cedar Rapids na tunafanya kazi zamu ya usiku, mchana tunalala. Mama mkwe hajui Kiingereza. Tukitegemea king'ora cha mtaani, inatosha?

JIBU: Haitoshi. Ving'ora viliwekwa kwa ajili ya walio nje, na ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, kiyoyozi kikiwaka, mtu aliyelala huenda asisikie kitu. Katika kaunti nyingi za Iowa hulizwa kwa tonado na pia kwa upepo wa kilomita 113 kwa saa na zaidi, kwa hiyo mama mkwe asikipuuze akidhani ni cha tonado pekee, wala asitoke nje kutazama kinalilia nini.

Nunueni redio ya hali ya hewa yenye betri, ile inayopokea matangazo ya NOAA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia hali ya hewa na bahari. Huwekwa namba ya kaunti, na kwa kaunti ya Linn mnayoishi ni 019113. Hukaa kimya siku zote na kulia kwa sauti kali onyo la kaunti hiyo linapotolewa, hata lile la daraja la chini ambalo simu haililii. Matangazo yake ni ya Kiingereza, lakini mlio hauhitaji lugha: mama mkwe akiusikia, kazi yake ni kuwaamsha nyote na kushuka. Maonyo ya kwenye simu nayo hutolewa kwa Kiingereza na mara nyingi Kihispania, bila Kiswahili, na hapo makanisa, misikiti na vyama vya wenyeji wetu vinaweza kusaidia sana kwa kuwa na kikundi cha simu ambamo mtu mmoja wa zamu hutuma kwa Kiswahili maneno matatu tu: ni nini, ni wapi, ni hadi saa ngapi.

Mahali pa kushuka ni chumba cha chini ya ardhi. Kama jengo lenu halina, ingieni chumba kidogo cha katikati ya nyumba katika ghorofa ya chini kabisa, mbali na madirisha na mbali na upande ulio karibu na mti mkubwa. Mji wenu una jambo moja zaidi la kuzingatia: rada iliyo karibu nanyi iko Davenport, umbali wa kilomita 100 hivi, na kwa kuwa dunia imepinda, mnururisho wake unapofika juu ya Cedar Rapids huwa umepanda kiasi cha kilomita moja na nusu. Kinachovuma chini ya hapo mtabiri hukijua kwa kukadiria na kwa taarifa za watu waliopo. Ofisi za hali ya hewa hutoa mafunzo ya bure kwa wananchi wanaotaka kuwa watazamaji wa dhoruba, huitwa SKYWARN, na hakuna anayedaiwa kuwa na shahada. Vijana wenu wanaojua Kiingereza na Kiswahili wangefaa sana kujiandikisha.